Nimekosa Nakubali

3 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, ukiacha hicho kiharusi cha baba yako unachokijua. Tangu urudi shuleni kwako baba yako anaendelea vizuri. Mguu wa kulia bado anauburuta, na mkono wa kulia unashika kijiko kwa kubahatisha. Wa kushoto ni mzima, na kwa rehema za Mungu ndio mkono wake wa kazi tangu utotoni. Anakula, analala, anaswali amekaa kitini. Kinachotushinda ni mdomo.

Unajua nyumba hii ilivyokuwa. Watu hawakumwita Redio bure. Akinyoa kichwa kimoja alikuwa anamaliza habari za mtaa mzima, kisha akirudi nyumbani anaanza upya. Nilikuwa namwambia, "Baba Mwalimu, punguza sauti, hata kuta zimechoka." Sasa kuta zimepumzika, mimi ndiye niliyechoka. Nawasha redio ya kweli jikoni mchana kutwa, mpaka vipindi vya mbolea na minyoo ya ng'ombe navisikiliza, na ng'ombe sina.

Daktari alisema maneno yote yamo kichwani, njia ya kutokea ndiyo iliyoziba. Na kweli, ukimwambia lete kikombe, analeta. Ukimuuliza "hiki ni nini?" anakikodolea macho kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani akasahau jina lake, na machozi yanamlenga.

Ila juzi ametamka! Nilikuwa namfunga vifungo vya shati, akanitazama usoni, akasema, "Nimekosa." Safi kabisa, kama zamani. Nikamuuliza, "Umekosa nini, baba?" Akasema tena, "Nimekosa." Nikapiga vigelegele, majirani wakajaa. Tangu siku hiyo anasema hilo tu, asubuhi, mchana na jioni.

Sasa nikuulize jambo, na usilifanye kubwa. Ulipokuwa mdogo, ulikuwa unashinda dukani kwake ukisubiri masomo ya mchana. Kuna wanawake waliokuwa wakija pale? Nauliza tu.

Mama yako


17 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama katikati ya uwanja wa shule. Wasichana wakawa wanapita, wanamtazama mwalimu wao analia na kucheka kwa pamoja. Ametamka! Mbusu mkono kwa niaba yangu. Ule wa kushoto, na wa kulia pia usionewe.

Kuhusu wanawake: walikuwa wanakuja kila siku, Mama. Walileta watoto wao wa kiume kunyolewa, wakawabana vichwa huku watoto wanapiga mayowe. Nani mwingine angekuja kwa kinyozi? Mbona unauliza?

Ningekuja hata leo, lakini wasichana wa mtihani ni wangu, tumefika kwenye ushairi, na mkuu wa shule hataki hata kusikia neno ruhusa. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Niandikie kila anachosema, neno kwa neno, kwa mpangilio wake yeye. Hata kama ni nusu neno. Usinirekebishie.

Na Baba Mdogo je? Siku aliponisindikiza kituoni aliniahidi kuwa baba akisimama tu, duka atalifungua yeye mwenyewe.

Mwanao,
Mwalimu


29 Machi

Mwanangu,

Umetaka neno kwa neno. Sawa. Ila ukishayasoma usije ukanilaumu.

Maneno yameongezeka. Sasa si "nimekosa" peke yake, ni "nimekosa nakubali". Anayasema kwa sauti ya kuvuta, na kichwa kinacheza kidogo. Ijumaa alikuja Bucha kumwangalia mgonjwa. Unamjua Bucha, lile jitu lenye duka la nyama mkabala na kinyozi, shingo kama gogo. Akakaa, akamshika baba yako mkono.

"Redio, rafiki yangu, unajisikiaje?"

"Nimekosa nakubali."

Bucha akamsogelea. "Umekosa nini?"

"Nimekosa nakubali."

Basi mwanamume mzima akaanza kulia mbele yangu. "Nilijua! Nilijua ni wewe uliyewatangazia watu kwamba mizani yangu ya buchani inaiba! Siku zote nimekunyamazia. Leo mbele ya mkeo nimekusamehe, Redio. Nimekusamehe!" Akamkumbatia. Baba yako anatikisa kichwa kukataa, Bucha anazidi kumbana.

La Bucha nililicheka. La Baba Mdogo wako sikulicheka. Yeye alipoyasikia alinivuta barazani, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, huyu akili zimeondoka. Mkono anao, sikatai. Lakini hebu fikiria mwenyewe. Nani atampa shingo yake mtu aliyeshika wembe huku anasema nimekosa?" Ungekuwa na jibu gani? Ufunguo wa duka ameuchukua. Kuna mshona magodoro anakitaka kile chumba.

Sasa linaloniuma. Jumatatu ameongeza mengine. Nayaandika kama alivyoyatoa, na nilimsikia vizuri maana nilikuwa namwekea mto mgongoni: "Nilikwenda njia mbali." Kisha: "Nikaiacha halali."

Nimeyazungusha kichwani nikiosha vyombo, nikifua, nikiswali Mungu anisamehe. Halali yake ni nani kama si mimi? Ni mimi niliyeozeshwa kwake mbele ya mashahidi. Mtu amekiona kifo, amerudi, na neno la kwanza alilolipata ni la kukiri. Kumbe miaka yote kelele zile zilikuwa za kufunika jambo.

Mkeka wangu nimeuhamishia chumba chako. Chakula nampikia, dawa nampa kwa wakati wake, lakini simsemeshi. Akianza nimekosa, natoka.

Wewe ulishinda naye dukani. Niambie huyo mwanamke ni nani.

Mama yako


8 Aprili

Mama,

Barua hii nimemkabidhi dereva wa basi mkononi, na nimemwapisha asiifikishe kwa mtu mwingine.

Beba mkeka wako urudi chumbani kwako. Fanya hivyo kwanza, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Umerudi? Baba hana mtu. Baba anasoma shairi.

Ni utenzi wa toba aliofundishwa na Bibi, mama yake, kwa mdomo, kabla hajajua kusoma. Wewe hukuusikia kwa sababu hakuwa akiusoma nyumbani. Aliusoma dukani asubuhi, wateja hawajafika, akinoa wembe kwenye ule ukanda wa ngozi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, miguu haifiki chini. Nakuandikia beti mbili za mwanzo:

Ewe Mola nakujia
Mlangoni nalilia
Dhambi zimenizidia
Nipokee yangu toba

Nimekosa nakubali
Nilikwenda njia mbali
Nikaiacha halali
Narudi kwako kwa toba

Umeiona halali yako ilipo? Ni ile njia aliyoihalalisha Mola, ambayo mja ameiacha akapotea. Wala huyo "mimi" anayekiri si Baba. Katika shairi la toba, "mimi" ni yeyote atakayefungua kinywa kulisoma. Imamu akilisoma ni yeye, mwizi akilisoma ni yeye. Mimi nililisoma sijang'oka meno ya utoto, nikalia kwa dhambi ya kumwaga unga wako.

Sasa hesabu nami kwa vidole. Ni-me-ko-sa na-ku-ba-li. Nane. Ni-li-kwe-nda nji-a mba-li. Nane. Kila kipande kina mizani nane, hakipungui wala hakizidi. (Bucha asisikie habari hii ya mizani.) Vipande vitatu vya kwanza vinafungwa kwa kina kimoja: nakubali, mbali, halali. Cha nne kinaondoka na kurudi kwenye "ba", na utenzi huu una ufundi wa pekee, kwamba kila ubeti unaishia kwenye neno lile lile. Nenda utakakokwenda kwa vipande vitatu, cha nne kinakurudisha kwenye toba. Ndiyo maana mtunzi amesema "yangu toba" badala ya "toba yangu". Amepindua sarufi makusudi, ili neno hilo liwe la mwisho kutoka mdomoni.

Mama, mimi nafundisha haya kila mwaka na sikuwahi kuyafikiria hivi. Neno la kawaida likitoka peke yake halina wa kulishika mkono. Neno la shairi linajua linakokwenda. Kina kinaliita, mizani inalisukuma. Nimemuuliza muuguzi wa shule yetu, naye anasema aliwahi kumhudumia mgonjwa asiyeweza kutaja jina lake mwenyewe, akaimba wimbo mzima.

Basi jaribu hivi. Kaa mbele yake. Soma taratibu, kwa sauti ya kuvuta. Ukifikia neno la mwisho la kila kipande, nyamaza. Usimsaidie, hata roho ikikuuma. Mngoje.

Mwanao,
Mwalimu


20 Aprili

Mwanangu, mboni ya jicho langu,

Nimerudi chumbani. Hilo kwanza. Aibu niliyoiona sitakusimulia, na ole wako uniulize.

Baada ya Alasiri nilikaa mbele yake na barua yako. Kwa kuwa nilikuwa nimemnunia, alinitazama kama mtoto anayengoja kuchapwa. Nikaanza: "Ewe Mola..." Nikanyamaza. Midomo ikacheza, haikutoa kitu. Nilitaka kumalizia, nikajiuma ulimi. Mara nikaona vidole vya mkono wa kushoto vinagonga goti. Pa, pa, pa. Akasema, "Nakujia."

Nakujia! Neno hilo hajalitamka tangu aanguke. Nikapata kiherehere, nikasoma kipande cha pili haraka kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Hakutoka na kitu. Nikarudi nyuma, nikavuta sauti kama ulivyosema. "Mlangoni..." Akasema, "Nalilia." "Dhambi..." Akasema, "Zimenizidia." Nilipofika "nipokee" akaninyang'anya! "Yangu toba!" Kwa sauti ile ya dukani, mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Tulisoma mpaka Magharibi. Nilipomaliza kufuta machozi nikaona heri niseme ukweli. Nikamwambia, "Mimi nilidhani una mwanamke."

Akatoa macho. Kisha akacheka. Alicheka na upande mmoja wa uso, upande wa pili ukifuata nyuma, mpaka kikohozi kikambana. Nikamwambia, "Acha kucheka. Nimekosa."

Akasema, "Nakubali."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anasoma shairi au ananijibu.

Nikamwita Baba Mdogo wako aje asikie. Akaja, akasikiliza beti zote mbili amekunja mikono. Akasema, "Kasuku naye anasoma, Shemeji. Muulize leo siku gani." Nikamgeukia baba yako. "Baba Mwalimu, leo siku gani?" Akahangaika, shingo ikamtoka mishipa. Akasema, "Toba."

Baba Mdogo hakucheka, nisimsingizie. Aliondoka ameinamisha kichwa. Lakini amesema mshona magodoro atapewa chumba katikati ya Juni.

Mama yako


2 Mei

Shikamoo Mama, na shikamoo kwa Baba,

Baba Mdogo amenikasirisha, kisha nimelala nikaamka nikaona kwamba amesema jambo. Shairi la Bibi baba analijua kama anavyoijua njia ya msikitini. Tunachokitaka ni maneno yake yeye, ya leo. Basi tubakize mizani na vina, tubadilishe maneno. Yale ya Mola yabaki ya Mola. Yasomwe asubuhi kama yalivyo, kwa adabu yake, na nia iwe ya toba. Haya mengine ni mazoezi tu. Mizani nane si mali ya mtu. Jaribuni huu:

Nipe maji ya baridi
Mguu umenizidi
Nataka ndani nirudi
Nimechoka leo, toba!

Sauti iwe ile ile ya kuvuta, na vidole vigonge goti. Akishauzoea ubeti mzima, mwachie aseme kipande kimoja kimoja. Akiwa na kiu kweli, usimpe maji mpaka aseme kipande cha maji. Najua ni ukatili. Fanya hivyo hivyo.

Na wewe mwenyewe utunge, Mama. Mimi niko mbali, sijui saa ngapi anataka nini. Usiogope. Hesabu kwa vidole, ukipata nane umefaulu.

Mwanao,
Mwalimu


30 Mei

Mwanangu,

Nimetunga! Usicheke. Baba yako alikuwa ananivuta nguo asubuhi, uso ameukunja, nikaona wazi shida yake ni nini. Nikakaa naye nikavuta sauti: "Nataka kwenda chooni." Hesabu! Na-ta-ka kwe-nda cho-o-ni. Nane kamili, na sikuipanga. Akaidaka mara moja, na sasa kila akitaka kwenda anaitangaza mpaka wapita njia wanajua. Nakudai maksi zangu.

Lakini sikia hili. Jumanne nilimtungia kipande cha chai. Nikasema, "Nataka chai yenye sukari nyingi." Akafunga mdomo. Nikarudia. Akatikisa kichwa. Nikadhani hataki chai, nikaondoa kikombe. Akakishika kwa nguvu. Akaanza kugonga goti, akagonga, akaacha, akanitazama kwa dharau ile aliyokuwa anamtazama nayo mtu aliyejinyoa mwenyewe nyumbani. Mwanangu, kumbe kipande changu kilizidi! Mizani haikukaa, na yeye hawezi kupita mahali mizani haijakaa. Akafumba macho. Vidole vikatembea. Akasema:

"Chai yangu na sukari."

Hilo halikuwa kwenye barua yako. Halikutoka kwangu. Mama yake hakumfundisha. Amelitunga mwenyewe, saa ile ile, kwa sababu alikuwa anataka chai. Nilimwekea sukari mpaka kijiko kikasimama.

Tangu siku hiyo anaokota kipande kimoja leo, kesho kingine. Vingine vinakatikia njiani, anabaki amefumba ngumi. Hatuhesabu vilivyokatika.

Ningependa niishie hapo, ila siwezi. Baba Mdogo wako ameleta habari kwamba mshona magodoro anaingia tarehe 13 Juni. Vioo na kiti vitatolewa siku hiyo. Nikamsihi aje kwanza amsikilize kaka yake tena. Anasema ana safari, atarudi siku hiyo hiyo. Tulikuwa tunazungumza barazani na mimi nikasahau kwamba masikio ya baba yako hayana ugonjwa. Nilipoingia ndani nilimkuta ameelekea ukutani.

Hanisemeshi sasa. Chai anakunywa bila kuiomba. Anakaa pembeni, vidole vinagonga goti, midomo inacheza, sauti haitoki. Nikimsogelea anageuka. Naogopa amekata tamaa, mwanangu. Niombeeni, wewe na wasichana wako.

Mama yako


17 Juni

Mama,

Tarehe 13 imepita na sina barua yako. Nimekwenda kituoni kila basi linapoingia. Leo dereva ameniambia kwamba Bucha amempa ujumbe wa mdomo kwangu, na ujumbe wenyewe ni huu tu: "Mwambie Mwalimu redio imekamata mawimbi."

Hiyo maana yake nini? Nimemuuliza dereva, anacheka tu. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


20 Juni

Mwanangu,

Nisamehe. Kila nikishika kalamu mtu anabisha hodi, nyumba haipungui watu. Leo nimefunga mlango nikuandikie.

Asubuhi ya tarehe 13 niliamka nikamkuta baba yako amekaa kitandani, amevaa koti lake jeupe la dukani. Kalivaa mwenyewe, vifungo vimepishana. Akaunyooshea kidole mlango. Nikamwambia, "Baba Mwalimu, tukae tu nyumbani, tusiende kuumia." Akanyoosha kidole tena. Nikamwita Bucha, tukamshika huku na huku, tukaenda mwendo wa kobe.

Tulipofika, mlango u wazi. Mshona magodoro anapima ukuta kwa futi. Vioo vimeshushwa, vimeegemezwa kwenye benchi. Wapagazi wawili wamekibeba kile kiti chake cha kuzunguka, kimekwama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Baba Mdogo wako alipotuona akasawijika.

"Shemeji, mbona umemleta? Unamtesa bure."

Baba yako akajitoa mikononi mwetu, akaegemea fremu ya mlango, mbele ya kiti chake. Watu wa mtaa wakaanza kusogea. Akafungua mdomo.

"Ndu..."

Pakakwama. Akajaribu tena, pakakwama. Baba Mdogo akamshika bega, na machozi yanamlenga, kwa sababu anampenda, mwanangu, hilo tusimnyime. "Kaka, usijisumbue. Mimi naelewa." Na mimi moyoni maneno yananiunguza, nataka nimsaidie, nataka niseme chochote. Nikakumbuka ulivyoniambia. Nikanyamaza. Nikamngoja.

Mkono wa kushoto ukapanda ukutani. Vidole vikaanza kugonga fremu. Pa, pa, pa, pa. Akainua kichwa, akavuta pumzi, na sauti ikatoka, ile yenyewe ya Redio, kubwa, ya kusikika mpaka sokoni:

"Ndugu yangu nisikie
Kiti changu kiachie
Na wembe nirudishie
Kisha wewe lete toba!"

Kumbe siku zile zote pembeni hakukata tamaa. Alikuwa anatunga!

Bucha akaangua kicheko, na mtaa mzima ukafuata. Watu wakapiga makofi, wengine wanapiga takbir, mshona magodoro naye anacheka na futi yake imemning'inia shingoni. Mmoja wa wapagazi akasema, "Mzee amesema kiachie," wakakiachia kweli, kikatua chini puu!

Baba Mdogo akasimama kama mti. "Kaka, nani amekufundisha hayo?" Baba yako akajigonga kifua. "Ni wewe mwenyewe umeyatunga?" Akajigonga tena. Basi yule mdogo mtu akamwinamia kaka yake, akauficha uso kwenye lile koti jeupe, akalia mbele za watu bila haya. Kisha akautoa ufunguo mfukoni akamwekea mkononi, akawageukia wapagazi kwa ukali, utadhani wao ndio waliokosa: "Mnangoja nini? Rudisheni kiti cha watu!" Akashika mguu mmoja wa kiti yeye mwenyewe.

Lakini hapo bado kulikuwa na lile swali la Baba Mdogo wako, la nani atampa shingo yake. Nililiona machoni mwa watu. Kiti kimerudi, kioo kimetundikwa, wembe umeletwa. Baba yako ameushika, anawatazama. Kila mtu anamtazama mwenzake.

Bucha akavua kofia. Akaingia, akakaa, akainua kidevu. Akasema, "Ndevu zote, Redio. Usiache kitu."

Baba yako akampaka povu. Akaunoa wembe kwenye ukanda, na akinoa akasoma utenzi wa mama yake, kama ulivyosema alikuwa anafanya, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikasikia anavyousoma kazini. "Nimekosa nakubali," anasema, na wembe unapita kwenye koo la Bucha, na Bucha amefumba macho ametulia kama mtoto anayeogeshwa. Alipomaliza, Bucha akajipapasa shingo nzima, akasimama, akawaonyesha watu. "Hata alama ya mbu hakuna!"

Wanne walinyolewa siku hiyo. Wa pili alikuwa Baba Mdogo wako.

Mama yako


11 Julai

Mwanangu,

Anayeandika ni mama yako. Maneno ni yangu mimi, baba yako. Yakichelewa ananingoja, naye akikosea namgongea meza.

Duka liko wazi. Nafungua asubuhi, nafunga Adhuhuri, mguu haujataka zaidi. Wateja wanapenda. Zamani nilikuwa nawaambia habari zao zote. Sasa nawapa vipande vya mizani nane nane, wanasema habari imekuwa tamu zaidi na fupi zaidi.

Nataka nikueleze jambo. Nilipoanguka, maneno yote yaliondoka. Jina la mama yako liliondoka. Lako liliondoka. Nilitafuta, nikapapasa, nikakuta limebaki moja tu, nimekosa. Nilitaka kusema umeamkaje, likatoka nimekosa. Nilitaka kumwambia Bucha kwamba sikuwahi kuisema vibaya mizani yake, likatoka nimekosa, akanisamehe kwa kosa ambalo si langu. Nilikasirika. Nikamwambia Mola moyoni, mbona umeniachia hili peke yake?

Nimelisoma shairi hilo tangu utotoni, mwanangu, na mawazo yangu yako kwenye makali ya wembe. Nililisoma kama mtu anayepiga mluzi. Sasa nililazimika kulisema kutwa nzima, kila siku, sina jingine. Basi nikalisikia. Nikaona hakuniachia dogo. Mtu akinyang'anywa maneno yote akabakiziwa toba, amebakiziwa la kuanzia. Hayo mengine yote yameota hapo.

Nashukuru kwa beti ulizotuletea. Ule wa maji ya baridi una kasoro, lakini nitakueleza ukija.

Na hili ndilo lililofanya niandike. Jana nilikuwa katikati ya kichwa cha imamu. Mama yako akaingia na chai. Nikamwambia, "Asante, mke wangu. Umechelewa leo."

Sikuvuta sauti. Sikugonga kidole. Hayakuwa na kina, hayakuwa na mizani, hayakutoka kwenye shairi lolote. Yalitoka tu, kama ya watu. Wembe ukasimama hewani. Imamu akafungua macho. Mama yako akaweka kikombe chini polepole, akasema, "Rudia."

Nikarudia. "Umechelewa leo."

Akakaa kwenye benchi akalia mpaka chai ikapoa. Mwanamke anayelia kwa furaha kwa kuambiwa amechelewa sijamwona mwingine duniani. Hata sasa hataki kuliandika hili, anasema si kweli, alikuwa na mafua. Nimemgongea meza, ameandika.

Baba yako,
Kinyozi